Upimaji wa huduma za faraja kwa watoto waliofiwa

Upimaji wa huduma za faraja kwa watoto waliofiwa ni utafiti unaochunguza kama huduma hizo humsaidia mtoto zaidi kuliko kupita kwa muda tu. Ndiyo maana upimaji huo unahitaji kundi la kulinganisha. Jaribio la Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, lililochapishwa mwaka 2020, lilihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Baadhi walipata vikao 12 vya tiba ya kikundi kutoka kwa washauri wasio wataalamu wa afya ya akili: walijifunza kutuliza mwili, kisha kusimulia kifo chenyewe. Tiba ilipomalizika, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa wenzao wasioipata katika maeneo matatu kati ya manne (mjini na vijijini katika kila nchi), isipokuwa vijijini Tanzania. Miezi 12 baadaye, tofauti ilibaki Kenya pekee.