Ramu: Utamu Wake na Bei Yake

Kila kitu kitamu kina asili yake, na si kila asili ni tamu. Utafunapo kipande cha muwa njiani, msomaji, unaonja sukari kama ilivyoumbwa: hapana moto, hapana mtambo, hapana bwana wala mtumwa. Lakini muwa huo huo, ulipoingia mikononi mwa wafanya biashara wa karne ya 17, ulizaa kileo kikali kiitwacho ramu. Haifai kukisifu kileo hicho wala kukilaani kabla ya kuijua njia kilikopita. Basi nifuate, tuitazame njia hiyo.

Asili ya muwa ni kisiwa cha New Guinea. Kutoka huko ulifika Bara Hindi, ambako watu walijifunza kuyachemsha maji yake mpaka yakawa sukari. Waarabu waliuchukua hata nchi za Bahari ya Kati, na mwaka 1493 Christopher Columbus, katika safari yake ya pili, aliuvusha Atlantiki akaupeleka katika visiwa vya Karibi. Waingereza walianza kukaa katika kisiwa kimoja cha huko, Barbados, mwaka 1627. Kwanza walilima tumbaku na pamba; baada ya mwaka 1640 wakageukia miwa. Kwa muda mfupi misitu ikafyekwa, na miwa ikatanda karibu kisiwa kizima.

Sukari haikuja peke yake. Maji ya muwa yakichemshwa hata sukari ikaganda, hubaki uji mzito mweusi uitwao molasi, ambao haugandi tena. Kwa wenye mashamba wa kwanza huo ulikuwa takataka. Kisha ikatambulikana kuwa molasi ikichanganywa na maji na kuachwa siku kadhaa huchacha, na sukari iliyomo hugeuka kileo. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo mchanganyiko huo ukitiwa moto katika chombo cha shaba, mvuke wa kileo hutangulia. Mvuke hupitishwa katika bomba lililozungukwa na maji baridi, ukapoa, ukadondoka tone kwa tone. Kazi hii huitwa kukeneka. Kilichodondoka kilikuwa cheupe kama maji na kikali kama moto, hata watu wa Barbados wakakipa jina la utani, Muua Shetani. Baadaye jina la ramu ndilo lililoshika.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa. Katika muda wa karne nne hivi, watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa merikebuni kuvushwa Atlantiki. Waliofika hai ni kiasi cha milioni 10.7, na wengi wao walipelekwa kwenye nchi za miwa. Wakati wa mavuno vinu vilizunguka usiku na mchana, kwa kuwa muwa uliokatwa huharibika upesi. Mtumwa aliyesinzia alipokuwa akilisha kinu aliweza kunaswa mkono, na katika baadhi ya mashamba shoka liliwekwa karibu, ili mkono ukatwe kabla mwili mzima haujavutwa.

Ramu ilifunga mduara wa kutisha. Molasi ya visiwani ilipelekwa kaskazini, kwenye makoloni ya Kiingereza ya Amerika, ambako mji wa Newport ulikuwa na viwanda vingi vya kukeneka. Ramu iliyotoka humo ilipakiwa merikebu ziendazo Afrika ya Magharibi, ikabadilishwa kwa watu. Watu wale wakapelekwa visiwani kulima miwa. Na miwa ikatoa molasi nyingine. Hivyo mtumwa alitoa kwa jasho lake bei ya kumnunulia ndugu yake. Mwaka 1733 Bunge la Uingereza liliitoza ushuru wa peni 6 kila galoni ya molasi iliyotoka katika makoloni ya mataifa mengine. Mwaka 1764 likaupunguza hata peni 3, likaazimia kuukusanya kwa ukali. Wafanya biashara wa Amerika walilalamika kuwa wanaonewa, na malalamiko yao yakawa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya uhuru wao. Haki zao walizijua sana. Haki za mtu aliyefungwa chini ya sitaha hawakuziona.

Usidhani, msomaji, kuwa mambo haya yalikuwa ya bahari ya mbali tu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Wafaransa walitaka watu wa kufanya kazi katika visiwa vyao viwili vya Bahari ya Hindi, ambavyo leo huitwa Mauritius na Réunion. Humo pia miwa ililimwa na kileo chake kikakenekwa. Katika mapatano yale mikono miwili ilikutana, wa mgeni aliyenunua na wa mwenyeji aliyeuza. Nasi tukitaka historia ya kweli, hatuna budi kuitaja yote miwili.

Sasa tuangalie jinsi watu walivyoifurahia ramu. Waingereza walipoiteka Jamaica mwaka 1655, mabaharia wa manowari zao walianza kupewa ramu badala ya bia, ambayo huchachuka safarini. Waliinywa kavu, wakalewa, wakaanguka. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon aliamuru kila posho ya nusu painti ichanganywe na painti mbili za maji, igawanywe mara mbili kwa siku. Na mwenye akiba ajinunulie sukari na ndimu za kuiboresha. Desturi ya posho hiyo iliendelea mpaka tarehe 31 Julai 1970. Wengine huichanganya na limau, sukari, maji na viungo. Katika Réunion hutiwa vanila na matunda, ikaachwa majuma au miezi inywe harufu yake. Ramu iliyokaa miaka mingi katika mapipa ya mwaloni hupata rangi ya dhahabu na hupungua ukali. Wajuzi huinywa polepole, kidogo kidogo. Na huko Jamaica matunda makavu hulowekwa katika ramu kwa ajili ya keki ya Krismasi. Utaona kuwa katika njia hizi zote, raha haikutoka katika wingi, bali katika kiasi na subira.

Ama utumwa, haukukoma kwa huruma ya wenye mashamba. Mwaka 1791 watumwa wa Haiti, nchi iliyotajirika kwa sukari, waliinuka, na mwaka 1804 wakatangaza uhuru. Uingereza iliharimisha biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni yake ikaanza kutumika mwaka 1834. Paundi milioni 20 zilitengwa kuwa fidia. Walipewa waliokuwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti, na wengi walishurutishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale hata mwaka 1838. Katika Cuba, nchi nyingine ya ramu, utumwa ulidumu mpaka mwaka 1886.

Kileo si cha umri wako, msomaji kijana, na insha hii haikukaribishi kukinywa. Inakukaribisha kuuliza. Molasi ilidharauliwa kuwa takataka, na watu walioikeneka walidharauliwa vivyo hivyo. Lakini kwa hiyo molasi na kwa watu hao miji ilijengwa na mataifa yakatajirika. Uonapo kitu kitamu kimewekwa mezani kwa bei ndogo, uliza ni nani aliyelipa bei iliyobaki.