Kisiwa Kilichoanza Upya

Katika kitabu cha yubile watu hupenda kusoma habari za waliotangulia. Sisi twaongeza habari ya kisiwa, kwa kuwa nacho kina watangulizi na wafuasi wao, na waalimu wa shule za sekondari waweza kukitumia kufundishia jambo lisilo jepesi: jinsi mimea na wanyama wafuatanavyo juu ya nchi moja, hawa wakiwatengenezea wale mahali.

Kisiwa hicho ni Krakatau, baina ya Java na Sumatra. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wake wa moto ulipasuka, sehemu kubwa ya kisiwa ikazama, na mawimbi makuu yakaua watu zaidi ya 36,000 katika pwani za jirani. Kilichosalia kilifunikwa na majivu ya moto na mawe mepesi yaeleayo majini. Mawe hayo yalichukuliwa na mikondo ya bahari hata Unguja. Huko, Julai 1884, watoto wa shule ya misheni waliyakuta ufuoni, na kati yake mafuvu na mifupa ya watu.

Mwezi wa Mei wa mwaka huo wataalamu walishuka kisiwani wakatafuta chenye uhai. Walimwona buibui mmoja tu, mdogo mno, akifuma utando wake. Mwaka 1886 akaja Melchior Treub, msimamizi wa bustani ya mimea ya Buitenzorg. Aliona ukoga wa kijani juu ya majivu, na aina 11 za makangaga, ambayo hayazai mbegu bali vumbi jepesi lipeperushwalo na upepo. Treub akasema kwamba ukoga ule ndio uliowaandalia wengine njia. Hata 1897 nyasi ndefu zilikuwa zimetanda, na ufuoni palikuwa na mivinje. Kisha ndege na popo wakaleta mbegu za miti ya jamii ya mkuyu matumboni mwao. Miti ikakua, na kivuli chake kikazishinda nyasi zipendazo jua. Ilipofika 1930 hivi, msitu ulikuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa.

Habari hii ni tamu kuisimulia, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1929 mtaalamu Backer aliuliza: Ni nani aliyekichunguza kisiwa chote mara baada ya moto, hata ajue kwamba hakuna mzizi wala mbegu iliyopona chini ya majivu? Swali hilo lilikuwa la haki. Waliofika kwanza hawakuchimba kila mahali, na lisilotafutwa haliwezi kusemwa kuwa halikuwako. Tena, ufuoni mimea iliyoletwa na maji iliota pasipo kungoja ukoga wala makangaga.

Basi, mwalimu akiwakaririsha wanafunzi, "Ukoga, makangaga, nyasi, msitu," kana kwamba ni ngazi ipandwayo mahali pote, amewapa maneno, hakuwapa maarifa. Na awafundishe kuuliza: Nani aliona? Lini? Alitazama wapi?

Wala msitu haupewi ahadi ya kudumu. Mwaka 1927 mlima mwingine wa moto ulianza kutokea baharini mahali pale pale, ukaitwa Anak Krakatau, yaani mtoto wa Krakatau. Mara kwa mara moto wake uliiteketeza mimea iliyokwisha kuota, nayo ikaanza tena. Tarehe 22 Desemba 2018 upande wake mmoja uliporomoka baharini, mawimbi yakaua watu zaidi ya 400.

Hatuna haja ya kuwavusha wanafunzi bahari. Karibu na shule nyingi pana shamba lililoachwa mwaka mmoja, na jingine lililoachwa miaka kumi. Wapime mraba wa hatua moja katika kila moja, wahesabu aina za mimea, watie mkono udongoni waone unyevu wake. Kisha wamwulize mwenye shamba lilikuwa na nini zamani. Huko udongo na mizizi vilibaki tangu mwanzo, ndiyo maana mwitu hurudi upesi kuliko juu ya majivu matupu. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo kwa macho yake hataamini kirahisi kwamba udongo uliochukuliwa na mvua utarudi upesi kama nyasi zirudivyo.