Habari za Mpaka wa Parki

Mtu akisimama Rumangabo asubuhi, mvua ikiisha kunyesha, huona vitu viwili kwa mara moja. Upande mmoja ni mashamba ya maharagwe na mahindi yakipanda vilima mpaka juu; upande wa pili ni msitu unaoanza ghafula, kama nchi imekatwa kwa panga. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya Rutshuru tuliukuta mpaka huo umekwisha kupigwa, na watoto wetu hutuuliza ulitoka wapi. Basi tueleze.

Mwaka 1921 alifika Mmarekani mmoja, jina lake Carl Akeley, mtu wa jumba la makumbusho la New York. Alipanda mlima Mikeno pamoja na wachukuzi wa huku kwetu, wakaua ngagi watano, ndio gorila, ili ngozi zao zijazwe na kuonyeshwa kwao. Lakini kisha kuwaua moyo ulimgeuka. Aliogopa kwamba wawindaji watakaomfuata watawamaliza kabisa, akaanza kuomba nyama hao walindwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembea Marekani na kuona mapori yanayolindwa huko, alikubali. Tarehe 21 Aprili 1925 alitia sahihi amri ya kuanzisha Parki ya Taifa ya Albert, ya kwanza katika Afrika nzima. Akeley alirudi mwaka 1926, akafa kwa ugonjwa mwezi wa Novemba, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Mwenye kuwaua ndiye aliyewaombea!

Parki ile ya kwanza ilikuwa ndogo, ni milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke tu. Huko juu baridi ni kali na hakuna aliyelima, ingawa Batwa waliwinda humo na kutafuta asali, na wao hawakuulizwa neno. Kama ingebaki hivyo, pengine tusingekuwa na maneno mengi ya kuandika. Lakini mwaka 1929 iliongezwa, na mwaka 1935 ikaongezwa tena, mpaka ikatoka kwenye milima ya moto ya kusini, ikapita bonde la Rwindi na ziwa Edward, ikafika Ruwenzori: urefu wa kilometa karibu 300. Hapo ndipo ilipokuta watu. Kando ya ziwa, wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulipopungua, nchi yao ikawa parki, hawakurudi. Kwingine wenyeji walipewa fidia kidogo, na wengine hawakupata kitu. Sheria ilikuwa kali: usilime, usichunge, usiwinde, usikate mti. Wataalamu kutoka Ulaya waliingia humo kuhesabu ndege na majani, lakini mama aliyeingia kuokota kuni alikamatwa. Wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge ndio waliopata ruhusa ya kukaa, kwa masharti.

Sisi hatusemi kwamba kulinda kulikuwa kosa. Tunasema watu walifanywa wageni katika nchi yao, na jambo hilo halikusahauliwa. Mwaka 1960, uhuru ulipokuja, wengi walidhani parki imekwisha pamoja na wenyewe Wabelgiji. Haikuisha. Walinzi Wakongomani waliendelea na kazi katika fujo za miaka ile, na wengine waliuawa. Sehemu ya Rwanda iliachana na yetu, na mwaka 1969 jina la Albert likaondolewa, likawekwa la Virunga. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika parki katika urithi wa dunia nzima. Urithi wa dunia nzima, sawa. Lakini aliye karibu na nyati wanaokanyaga maharagwe ni sisi.

Kisha ukaja mwaka 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda, watu mamia ya maelfu, walipiga kambi Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, kando kabisa ya msitu. Mtu asiye na kuni hapiki, na msitu ukakatwa kila siku. Tangu hapo vita havikutuacha. Viboko wa ziwa Edward, waliokuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970, mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Makala yakawa mali: mji wa Goma hupikia makala, na mengi hutoka parkini. Mwezi wa Julai 2007 ngagi wa jamaa moja walipigwa risasi, na dume lao Senkwekwe pamoja nao. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, dereva wao na raia wanne. Tangu parki ianze, walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini.

Na hata hivyo ngagi wameongezeka. Katika milima ya Virunga, tunayoshiriki na Rwanda na Uganda, mwaka 1981 walihesabiwa 254 tu. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Faida nyingine imeanza kuwafikia watu pia: maji ya mto Rutshuru yalianza kutoa umeme Matebe mwaka 2015, nao hufika mpaka Goma. Lakini umeme una bei, na mwenye gunia moja la maharagwe bado hupikia kuni.

Mzee mmoja wa kigango chetu alitupeleka siku moja mpaka ukingo wa msitu. Alituonyesha mkuyu mkubwa, ndani ya parki, kama hatua mia mbili. Ndio uliokuwa mbele ya nyumba ya babu yake, naye babu amezikwa chini yake. Hakuvuka. Mlinzi wa zamu siku ile alikuwa mtoto wa ndugu yake. Kijana alisema, «Shikamoo, baba.» Mzee akaitika, akauliza habari za watoto, kisha tukarudi pamoja naye nyumbani.