Sheria ya jinai Rwanda: Kwa nini kanuni ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote?

Mwanafunzi wa sheria aliyepanga chumba mtaani Kabeza, wilayani Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, hukutana na kanuni moja mapema katika somo la jinai: hakuna kosa wala adhabu pasipo sheria iliyotangulia. Kanuni hiyo hufundishwa katika vyuo vya sheria kuanzia Dar es Salaam hadi Brussels, na mahali pengi hubaki kuwa nadharia ya kujibia mtihani. Nchini Rwanda iliwahi kuwa swali lililolikabili taifa zima.

Kanuni hiyo inasema nini?

Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kitendo ambacho, siku alipokitenda, sheria haikukihesabu kuwa kosa. Hakimu haruhusiwi kubuni kosa jipya, hata kama kitendo kinachukiza. Wala hawezi kutoa adhabu nzito kuliko ile iliyowekwa wakati huo. Ibara ya 29 ya Katiba ya Rwanda inalinda haki hiyo, pamoja na haki ya mtuhumiwa kuhesabiwa hana hatia mpaka mahakama ithibitishe vinginevyo.

Lengo ni kumlinda raia dhidi ya mwenye mamlaka. Pasipo kanuni hii, anayetawala leo angeweza kuligeuza jambo la jana kuwa jinai na kuwafunga wapinzani wake.

Mtihani wa mwaka 1994

Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari mwaka 1975. Mkataba huo wa mwaka 1948 unalitaja kosa na kulieleza, lakini hauweki adhabu. Kazi hiyo huachiwa nchi wanachama. Kanuni ya adhabu ya Rwanda ya mwaka 1977 haikuwa na kifungu cha kuadhibu mauaji ya kimbari. Hivyo mauaji dhidi ya Watutsi yalipotokea mwaka 1994, kosa kubwa kuliko yote lilikuwa limekatazwa bila kuwekewa adhabu katika sheria za nchi.

Je, wahusika waachwe? Au itungwe sheria mpya ya kuwaadhibu kwa yaliyopita, na kanuni ivunjwe?

Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 ilichagua njia ya tatu. Iliwagusa waliotenda, tangu tarehe 1 Oktoba 1990, vitendo ambavyo tayari vilikuwa na adhabu katika sheria ya mwaka 1977, na ambavyo papo hapo vilikuwa mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kuua, kubaka na kupora vilikuwa makosa tangu zamani, na hakuna aliyeweza kudai kwamba hakujua. Sheria hiyo iliwagawa washtakiwa katika makundi manne, kuanzia wapangaji na viongozi hadi waliohusika na mali peke yake, na ikatoa nafuu ya adhabu kwa waliokiri.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa mno kwa mahakama za kawaida, kwa kuwa mahakimu na waendesha mashtaka wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, huku magereza yakiwa na mahabusu zaidi ya 100,000. Ndipo zikaanzishwa mahakama za Gacaca, ambamo wananchi waliochaguliwa na majirani zao waliketi kuwa waamuzi. Hadi zilipofungwa rasmi mwezi Juni 2012, zilikuwa zimeshughulikia kesi zipatazo milioni 1.9.

Nguzo tatu za kosa

Katika mapokeo ya sheria ambayo Rwanda iliyarithi kutoka Ubelgiji, kosa husimama juu ya nguzo tatu: sheria inayokataza, kitendo kilichofanyika, na nia ya mtendaji. Anayeondoka sokoni na simu ya mwenzake akidhani ni yake amefanya kitendo, lakini nia ya kuiba haipo. Anayewaza kuiba na asifanye lolote ana nia, lakini hana kitendo.

Nia ndiyo inayoyatenga mauaji ya kimbari na mauaji mengine. Mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha kwamba mshtakiwa alidhamiria kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu ya utaifa, kabila, asili au dini yake. Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda iliyokuwa Arusha, Tanzania, ilieleza namna ya kuitambua nia hiyo katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ilikubali pia kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kulitenda kosa hilo.

Kila mtu na kosa lake

Wahenga wa Kiswahili walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sheria ya jinai inakataa: mchuma janga na ale peke yake. Ibara hiyo hiyo ya 29 inasema dhima ya jinai ni ya mtu binafsi. Mtoto harithi hatia ya baba, wala mke hafungwi kwa kosa la mume. Aidha, mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14 hawajibiki kijinai. Katika nchi ambamo watoto wa waliouawa na watoto wa waliofungwa huketi darasa moja, kanuni hiyo ina uzito wa pekee.

Sheria inayobadilika

Kanuni ina upande wa pili: sheria mpya ikiwa nyepesi, humnufaisha mshtakiwa. Rwanda ilipofuta adhabu ya kifo mwezi Julai 2007, waliokuwa wamehukumiwa adhabu hiyo walibadilishiwa na kupewa kifungo cha maisha.

Leo mwanafunzi husoma zaidi sheria ya tarehe 30 Agosti 2018 inayoainisha makosa na adhabu. Nayo haikuachwa bila kuhojiwa. Mwezi Aprili 2019, kufuatia ombi la wakili mmoja, Mahakama ya Juu ilikifuta kifungu kilichofanya kuwadhalilisha viongozi wa umma, hata kwa katuni, kuwa jinai. Sheria lazima itangulie, lakini kutangulia peke yake hakutoshi. Ni lazima pia iafikiane na Katiba.

Baada ya shahada, anayetaka kuwa wakili huendelea na mafunzo ya vitendo katika taasisi ya uanasheria iliyoko Nyanza, kusini mwa nchi. Huko atajifunza kuandaa hoja na kuhoji mashahidi. Lakini kila atakaposimama mbele ya hakimu, swali lake la kwanza litakuwa lile lile alilofundishwa mwanzoni: siku kitendo hiki kilipofanyika, sheria ilisema nini?