Jean de Dieu na Camille, wagonjwa waliofanywa wasimamizi wa wagonjwa



Kabla ya ubatizo uliopita ndugu mmoja alitufuata nyuma ya ibada akiwa na swali. Anaitwa Jean de Dieu. Wenzake wa kikundi cha maombi walikuwa wamemwambia kwamba hilo ni jina la mtakatifu wa Wakatoliki, na kwamba mtu akizaliwa mara ya pili inafaa aliache pamoja na mambo yake ya zamani. Tukamwuliza kama anajua huyo Jean de Dieu alikuwa nani. Hakujua. Na kusema kweli, sisi wenyewe tulijua kidogo tu, yale tuliyoyasikia katika historia ya kanisa kule shule ya Biblia, ambako mambo ya Wakatoliki yalipitwa mbio mbio ili tufike kwa Luther.

Basi tukarudi kwenye vitabu. Mitaa yetu imejaa akina Jean de Dieu, Camille, Côme na Damien, na ni wachache wanaojua kwamba majina hayo manne ni ya watu ambao Kanisa Katoliki linawaita wasimamizi wa wagonjwa, wa wanganga au wa wauguzi.

Kwanza tuseme neno moja juu ya huo usimamizi. Mkatoliki anaamini kwamba mtakatifu aliyekufa anaweza kumwombea mbele za Mungu, kwa hiyo kila kazi na kila ugonjwa vinapewa mtu wake. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa munganga katika Wakolosai 4:14, amepewa wanganga. Apollonia wa Alexandria, mwanamke aliyevunjwa meno katika mateso ya mwaka 249, amepewa wenye maumivu ya meno. Sisi tunashika 1 Timotheo 2:5, tuna mpatanishi mmoja, wala hatumwombi Luka wala Apollonia. Hilo mnalijua. Lakini kutomwomba mtu hakutuzuii kusoma habari zake.

Côme na Damien ni wa kale zaidi. Mapokeo yanasema walikuwa mapacha, wanganga wote wawili, waliouawa katika mateso ya Kaisari Diocletian. Wagiriki waliwaita “wasio na fedha” kwa sababu hawakupokea malipo ya wagonjwa. Katika karne ya 6 walikuwa tayari na kanisa lao katikati ya Rome, na kule Constantinople wagonjwa walilala ndani ya kanisa lao usiku kucha wakingoja kuponywa. (Wanaodhani kesha la uponyaji lilianzia kwetu, wasome tena.) Ila habari zao zimechanganyika sana na hadithi za watu. Hao wawili wengine waliishi karne ya 16, na maisha yao yaliandikwa wakati watu waliowajua kwa macho walikuwa wangali hai. Hao ndio waliotushika.

Jean de Dieu alizaliwa mwaka 1495 huko Montemor-o-Novo, nchi ya Ureno. Akiwa bado mtoto mdogo alitoka nyumbani, akakulia Hispania kwa watu wengine akichunga kondoo. Baadaye akawa askari, akarudi kwa kondoo, akavuka hadi Ceuta upande wa Afrika akafanya kazi ya mikono, mwishowe akawa mchuuzi wa vitabu. Alipokaribia miaka 45 alikuwa na kaduka ka vitabu mjini Granada. Hakuwa padri, hakuwa munganga, hakuwa na mke wala watoto.

Siku moja alisikia mahubiri ya mhubiri maarufu, Juan de Ávila, na moyo wake ukapasuka. Alitoka akilia kwa sauti, akijipiga kifua na kujing’oa nywele. Akagawa mali yake, akararua vitabu, akazunguka mjini nusu uchi huku watoto wakimtupia mawe. Watu wakasema ameshikwa na wazimu, wakampeleka Hospitali ya Kifalme ya Granada, mahali pa kufungia wenye wazimu. Huko alifungwa kamba na kuchapwa fimbo. Wapendwa, fimbo hizo hazikuwa adhabu. Zilikuwa ndizo dawa yenyewe. Watu wa wakati ule waliamini kwamba maumivu ya mwili yanarudisha akili.

Alipotulia wakamwachia kwanza atumike humo humo ndani, akawaona wenzake wakichapwa. Alipotoka alikuwa anajua kazi yake. Akapanga nyumba Granada, akaanza kukusanya wagonjwa wa barabarani, wengine akiwabeba mgongoni. Usiku alizunguka na kapu akiomba chakula kwa ajili yao, akiwaambia watu kwamba wanaotoa wanajitendea mema wao wenyewe. Kutokana na mwito huo Waitalia hadi leo wanawaita mabruda wake Fatebenefratelli, maana yake ni kama kusema “tendeni mema, ndugu”.

Mwezi wa saba mwaka 1549 moto ulishika Hospitali ya Kifalme, ile ile alimochapwa. Watu walisimama nje wakitazama. Yeye akaingia, akawatoa wagonjwa mmoja mmoja, kisha akaanza kutupa magodoro na mablanketi kupitia madirisha. Alikufa tarehe 8 Machi 1550.

Mwaka huo huo, mwezi wa tano, Camille de Lellis alizaliwa Bucchianico, katika Ufalme wa Naples. Baba yake alikuwa askari, naye akawa askari, mtu mrefu sana, mkali, mpenda ugomvi na mcheza kamari. Alipokuwa kijana kidonda kilimtokea mguuni. Mwaka 1571 akaenda Rome, hospitali ya San Giacomo, akatibiwa humo huku akifanya kazi ya mtumishi. Wakamfukuza kwa sababu ya karata na ugomvi. Akarudi vitani kupigana na Waturuki upande wa Venice, na mwaka 1574 akacheza kamari mpaka akabaki hana kitu, akawa kibarua wa kujenga nyumba ya watawa Wakapuchini. Tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani na punda, alianguka chini akalia dhambi zake. Tunaoita jambo hilo kuokoka tutalitambua hata likiandikwa na Mkatoliki.

Sasa sikilizeni sehemu hii polepole. Alipogeuka, kidonda hakikugeuka pamoja naye. Aliomba kuingia utawa wa Wakapuchini, wakampokea. Vazi likamkwaruza mguu, kidonda kikafunguka, wakamrudisha. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Akarudi San Giacomo kama mgonjwa, kisha akakabidhiwa usimamizi wa nyumba. Akaona kwa macho ya mgonjwa yale ambayo wakubwa hawakuyaona: watumishi waliofanya kazi kwa ajili ya mshahara tu, wagonjwa walioachwa katika uchafu wao, walioomba maji usiku wasisikiwe. Mwaka 1582 akawaza kukusanya watu watakaowatumikia wagonjwa kwa upendo, kama mama anavyomtumikia mtoto wake wa pekee anapougua. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa 5 akaidhinisha chama chao na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Hiyo ni karibu miaka 300 kabla ya Msalaba Mwekundu wa Geneva tunaouona kwenye magari.

Mwaka 1591 walipofanywa shirika kamili, waliongeza nadhiri ya nne: kuwatumikia wagonjwa hata wa tauni, hata kwa hatari ya kufa. Na walikufa kweli. Merikebu zenye wagonjwa zilipokatazwa kuingia bandari ya Naples, wao walipanda ndani, na baadhi yao hawakurudi. Sisi tulioona Ebola ya 2018 hadi 2020 huku Kivu ya Kaskazini na Ituri hatuhitaji kuelezwa nadhiri hiyo ina uzito gani. Tuliwazika wauguzi.

Camille aliishi na kidonda kile zaidi ya miaka 40. Magonjwa mengine yakaongezeka juu yake, na yeye aliyaita rehema za Mungu. Miguu ilipomkatalia alikuwa akishuka kitandani na kujikokota aone kama mgonjwa mwingine anahitaji kitu. Alikufa Rome tarehe 14 Julai 1614 na kidonda chake.

Tulipofika hapo tulifunga kitabu, kwa sababu tulimkumbuka mama mmoja.

Ni miaka kadhaa iliyopita. Alikuja chumba cha maombi na kidonda chini ya mguu. Tulimwekea mikono, tukampaka mafuta, tukafunga pamoja naye. Wiki ya kwanza tulimwambia aamini. Wiki ya pili tulimwuliza ni dhambi gani anaificha. Wiki ya tatu tulianza kuuliza juu ya bibi yake na mambo ya ukoo. Alilia, akatafuta dhambi za kuungama, nadhani nyingine alizitunga ili tumwache. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwuliza kama amepimwa sukari. Binti yake alipomwondoa kwa nguvu na kumpeleka hospitali, mguu ulikuwa umeoza mpaka juu ya kifundo, wakaukata. Mama huyo bado anasali nasi, anakaa benchi ya mbele karibu na mlango ili magongo yake yasiwasumbue watu. Tuliomba msamaha kwake mbele ya wazee wa kanisa. Mbele ya kanisa zima hatujaomba, na karatasi hii iwe mwanzo.

Tunaamini Mungu anaponya. Tumeona, na shuhuda zinasomwa radioni kila juma. Lakini tulimhubiria mama yule kana kwamba Biblia haina Trofimo, ambaye Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), wala Timotheo mwenye tumbo bovu aliyeshauriwa kinywaji cha kumsaidia (1 Timotheo 5:23), wala mwiba wa Paulo mwenyewe, ulioombewa mara tatu ukabaki. Hakuna aliyemwuliza Trofimo juu ya bibi yake.

Mwaka 1886 Papa Leo wa 13 aliwatangaza Jean de Dieu na Camille pamoja kuwa wasimamizi wa wagonjwa na hospitali, na mwaka 1930 Papa Pius wa 11 akawaongezea wauguzi. Wakatoliki wangeweza kuchagua watenda miujiza wakubwa kwa nafasi hiyo, maana hawajakosa. Walichagua mmoja aliyefungwa kamba kama mwenye wazimu na mwingine ambaye mguu wake haukupona.

Tunaongeza jambo moja kwa ajili ya viongozi wa vyumba vya maombi. Kuna mahali bado wanafunga kamba ndugu waliochanganyikiwa akili, na wakati mwingine wanawachapa, wakisema wanampiga pepo. Granada walikuwa na sababu yao pia, na waliiamini kwa moyo wote. Tumekubaliana na wazee kwamba katika vyumba vyetu kamba na fimbo zimekwisha tangu leo, na kwamba mgonjwa anayeingia kuombewa ataulizwa siku hiyo hiyo kama ameonwa na munganga. Kama hajaonwa, mmoja wetu atamsindikiza, na maombi yataendelea njiani.

Yule ndugu alibatizwa Jumapili iliyofuata pamoja na wenzake. Tulipofika kwake tulimwuliza jina mbele ya watu wote, kama kawaida, akajibu kwa sauti: Jean de Dieu.