Picha Inayoijua Kazi: Uchoraji wa Maisha ya Kila Siku, Kilimanjaro hadi Kibugu

Siku ya kuchuma kahawa Kibugu, Embu, huishia kiwandani. Mkulima hufika na mzigo wake, na kabla haujapanda mizani huumwaga juu ya gunia lililotandazwa chini, akaketi kando kuchambua. Mekundu yanabaki, mabichi na yaliyokauka yanatolewa. Vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo ukiendelea na habari za karo, mvua na malipo ya mwaka jana. Mgeni wa kazi hiyo hujulikana kwa mbali, kwa kuwa hushika tunda mojamoja na kulitazama.

Nimeanza na gunia hilo kwa sababu ndilo litakalonisaidia kupima jambo ninalotaka kulijadili. Picha za maisha ya kila siku, yaani za sokoni, jikoni, shambani na kilabuni, kwa kawaida huainishwa kwa mada: kilichochorwa kikiwa cha kawaida, picha nayo huingizwa kwenye kundi hilo. Ninadai kwamba kipimo hicho hakitoshi, na kwamba huku Afrika Mashariki kimetupotosha. Swali la kwanza mbele ya picha ya namna hii liwe hili: je, inaijua kazi inayoionyesha? Mwili uliomo ndani yake umebeba mzigo kweli, au umevishwa tu mavazi ya wanaobeba?

Ulaya yenyewe ilichelewa kuzipa heshima picha hizi. Katika utangulizi wake wa mihadhara ya mwaka 1667 ya Chuo cha Kifalme cha Uchoraji mjini Paris, André Félibien alizipanga aina za uchoraji kwa ngazi. Juu kabisa aliweka matukio makuu ya historia, dini na visasili; matunda na maua yakabaki chini. Katika mpango huo uliotawala vyuo vya sanaa kwa muda mrefu, mpishi na mvunaji hawakuwahi kukaribia kilele. Hata hivyo, miaka 102 kabla yake, Pieter Bruegel alikuwa amekwisha kuchora Wavunaji. Katika picha hiyo ya mwaka 1565 ngano inafyekwa, kundi la watu wanakula chini ya mti, na mwanamume mmoja amelala chali, miguu imetanuka, kama anavyolala mtu ambaye mgongo wake umekataa kuendelea. Hakuna kisasili kinachohitajika ili kuielewa ile miguu. Yeyote aliyewahi kulima tangu alfajiri ataitambua, na huo ndio ujuzi ninaousema.

Kwetu, uchoraji wa turubai ulipitia mlango mwingine. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na mbinu yake ilikuwa ya pekee: badala ya kuwawekea wanafunzi chungu au sanamu ya plasta wanakili, aliwasimulia tukio kwa maneno, kila mmoja akalichora kama alivyoliona akilini mwake. Mbinu hiyo imelaumiwa, na si bila sababu, kwamba iliwafungia Waafrika ndani ya kijiji cha kufikirika na kuwanyima ufundi ambao mwanafunzi wa Ulaya alipewa bila kuomba. Ila ilikuwa na tunda ambalo huenda mwalimu mwenyewe hakulikusudia. Mwanafunzi aliyeambiwa achore watu wakirudi kutoka mtoni hakuwa na kielelezo chochote isipokuwa shingo ya mama yake na njia ya kwao.

Aliyelichuma tunda hilo kuliko wote ni Sam Ntiro. Alizaliwa mwaka 1923 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akasoma Makerere chini ya Trowell, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade mjini London katika miaka ya 1950. Baadaye aliiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza kama Balozi, lakini turubai zake hazikuhama Uchagani. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalinunua picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ni rahisi kumwona Ntiro kama mchoraji asiyejua mbinu: watu wake ni wadogo, nyuso hazina mengi, vivuli havifuati sheria ya darasani. Mimi naona uamuzi. Mteremko ndio mkubwa, na watu ni wengi, kwa kuwa kazi ya mlimani ni ya wengi. Uso mmoja ukivutwa mbele, ule msafara wa kupeleka pombe unageuka kuwa hadithi ya mtu mmoja, na hapo maana ya msafara inakwisha. Pombe ya mahari haipelekwi na mtu mmoja. Mzee yeyote wa Embu aliyewahi kuhesabu vibuyu vya pombe ya muratina katika mazungumzo ya mahari angeisoma picha hiyo bila mkalimani.

Ujirani huu wa milima miwili, Kilimanjaro na Mlima Kenya, si wa mandhari pekee. Kilimanjaro wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na ushirika wao mkuu, KNCU, ukaundwa mwaka 1933. Kenya, walowezi walikuwa wamelinda kahawa kama mali yao, na Waafrika waliporuhusiwa kuipanda kwa majaribio katika miaka hiyo ya 1930, walioanza ni wa Kisii, Meru na Embu. Kwa hiyo ile siku ya kuchambua matunda juu ya gunia ina tarehe. Hiki tunachokiita cha kila siku kiliingia kwa kibali cha serikali, kikapanga upya saa za mama, ada ya mtoto na ukubwa wa shamba la mahindi. Mchoraji anayekionyesha kana kwamba kimekuwapo tangu kuumbwa kwa mlima anatunyima nusu ya habari.

Hapa sina budi kumtaja Joy Adamson, kwani picha za Kenya ya zamani ambazo Wakenya wengi wamezitazama ni zake. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili, kazi iliyoendelea hadi katikati ya miaka ya 1950. Zao lake liko katika hazina ya Makumbusho ya Taifa, na kitabu chake cha The Peoples of Kenya kilitoka mwaka 1967. Mkono wake ulikuwa stadi. Anayetaka kujua shanga zilivyopangwa au ngozi ilivyoshonwa atamshukuru, nami namshukuru. Lakini watu wake husimama au huketi mbele ya usuli mtupu, wamevaa ya sherehe, mikono haifanyi lolote. Kuni hazipo, jembe halipo, mto haupo. Kukiwa na utepe wa ngozi, ni pambo; ule mkwa ambao mwanamke wa mlimani huupitisha kichwani kubebea kuni mgongoni, na ambao kwa miaka huacha alama ya bonde juu ya kipaji, ni ngozi ya namna nyingine kabisa.

Ukiziweka tarehe sambamba, usuli ule mtupu unaanza kuuma. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao na kurundikwa katika vijiji vyenye ulinzi. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya watu, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, walichimbishwa mtaro mrefu wa kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na wenyeji. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya kila siku ya miteremko hii wakati rangi za mavazi ya asili zikikauka kwenye karatasi. Sisemi kwamba Adamson alidanganya. Nasema kwamba agizo alilopewa lilitenganisha mwili na siku yake, na kwamba mpaka leo tunazitundika picha za mtengano huo na kuziita kumbukumbu za maisha yetu.

Elimo Njau, naye mzaliwa wa Uchagani na mwanafunzi wa Trowell, alijibu kwa njia yake mwaka 1959 katika kanisa kuu la ukumbusho la Murang'a, lililojengwa kwa ajili ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Michoro yake ya ukutani ni ya maisha ya Kristo, na ardhi anayokanyaga Kristo huyo ni ya nchi hii ya milima. Kwa ngazi za Félibien hiyo ni picha ya juu kabisa. Kwa muumini aliyeingia kanisani akitoka kwenye kijiji cha ulinzi, ilikuwa picha ya nyumbani.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, nayo inatoka Kongo. Katika miji ya migodi ya mkoa wa Shaba, hasa miaka ya 1970, wafanyakazi na makarani walinunua picha za kutundika sebuleni, na neno la Kiswahili walilotumia kuzieleza, kama alivyoliandika mwanaanthropolojia Johannes Fabian, lilikuwa ukumbusho. Picha iliyopendwa mno iliitwa Colonie belge: ua wa gereza, askari, mfungwa amelazwa anachapwa viboko. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora mandhari kama hayo na historia nzima ya nchi yake, na mengi katika historia hiyo yalitokea kabla hajazaliwa. Basi kipimo changu kinamwondoa? Hapana. Kinanilazimu kukipanua. Kiboko kile alikijua kwa masikio, kama wanafunzi wa Trowell walivyoijua picha kwa kusikia, na mnunuzi aliitundika juu ya redio yake kwa kuwa mgongo ule ungeweza kuwa wa baba yake. Ujuzi wa kazi na wa maumivu hurithiwa kwa masimulizi. Neno ukumbusho linabeba jambo ambalo istilahi za Paris hazikulipatia nafasi: siku ya kawaida na tukio la historia vinaweza kuwa picha ileile.

Karibu zaidi na Embu wako Wakamba wawili waliochora wakiwa wanakula jasho lao. Kivuthi Mbuno wa Mwingi alikuwa mpishi wa misafara kabla ya penseli zake za rangi kumpa jina. Ancent Soi, aliyejifunza mwenyewe, alipata nafasi ya kuchora bango la Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972. Mwanawe Michael amehamia kwenye baa za Nairobi na kuzichora bila haya, nami ninamhesabu mrithi halali wa Ntiro, ingawa mteremko umegeuka kaunta.

Kibugu haina jumba la sanaa. Kama masoko mengine ya Embu, ina kuta. Ng'ombe wa buchari, kichwa kilichonyolewa cha kinyozi, mbegu na pampu ya dawa kwenye duka la pembejeo: hizi ndizo picha ambazo mkulima huziona kila anapokwenda kupima kahawa au majani ya chai, na aliyezichora ni fundi anayelipwa kwa ukuta. Wataalamu wetu huzipita kwa haraka kuelekea kwenye turubai. Ninawaomba wasimame. Fundi wa ukutani huchora mbele ya mahakimu wasio na huruma: akikosea pembe za ng'ombe, au akimpa mchunaji kisu kwa mkono usiofaa, soko zima litamwambia kabla rangi haijakauka. Wachoraji wachache sana wa majumba ya sanaa hukaguliwa hivyo. Kuta hizi zinapotea upesi, kwani kampuni za simu na za vinywaji hulipa ili kuzifunika kwa rangi moja kutoka ncha hadi ncha. Idara ya historia inayotaka kuzipiga picha na kuwahoji mafundi wake inahitaji kamera, daftari na nauli ya matatu kutoka Embu mjini.

Fundi mmoja akikubali, ningemwagiza ukuta wa kiwanda cha kahawa na kumwachia achague rangi. Ningemwomba jambo moja gumu: gunia, matunda, na mikono inayochambua huku macho yakimtazama jirani.