Siku ya Pili Baada ya Mabomu

Machi 2011 nilikuwa miongoni mwa waliotaka Libya ipigwe mabomu. Sikuwa na bunduki wala ndugu Benghazi. Nilikuwa na televisheni ya bwenini na hoja niliyoazima kwa wachambuzi: tusirudie ya Rwanda.

Kwetu huku hoja hiyo ilikuwa nzito. Mwaka 1994 miili ilielea mto Kagera hadi Ziwa Victoria, dunia ikitazama. Kwa hiyo Gaddafi alipotangaza Februari 22, 2011 kwamba angewasaka wapinzani wake nyumba kwa nyumba, kichochoro kwa kichochoro, nani angebisha? Na Mtanzania yupi angemlilia mtu aliyempelekea Idi Amin askari mwaka 1979?

Kati ya waliopaza sauti alikuwapo mwanafalsafa wa Kifaransa, Bernard-Henri Lévy. Alikwenda Benghazi, akampigia simu Rais Sarkozy, na Machi 10 wajumbe wa waasi wakapokelewa Ikulu ya Paris. Machi 17 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1973: nchi 10 zilikubali, 5 zikajizuia kupiga kura. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilikubali. Siku mbili baadaye ndege za Ufaransa zilishambulia. Bwenini tulishangilia.

Azimio liliruhusu kuwalinda raia. Kumng'oa Gaddafi halikukutaja. Aprili, ujumbe wa Umoja wa Afrika, Jacob Zuma akiwamo, ulipeleka mpango wa kusitisha mapigano. Gaddafi aliukubali, waasi waliukataa kwa sababu haukumwondoa madarakani. Labda Gaddafi angedanganya. Lakini waliokuwa na ndege hawakuwa na haja ya kujua. Mabomu yaliendelea mpaka Oktoba. Tarehe 20 Gaddafi aliuawa Sirte, na mwisho wa mwezi NATO ikafunga kazi.

Hapo ndipo televisheni yangu ilipohamia habari nyingine, na Walibya wakabaki. Silaha zilivuka jangwa. Januari 2012 uasi ukalipuka kaskazini mwa Mali. Mwaka 2014 Libya iligawanyika kati ya serikali mbili. Mwaka 2017 dunia ikaona video ya vijana wa Kiafrika wakinadiwa huko kama mbuzi. Mwaka 2016 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa imeshakiri kwamba serikali yao haikupima vya kutosha ukubwa halisi wa hatari kwa raia. Lévy yeye alikuwa ameshapeleka filamu yake kuhusu vita hiyo Cannes, mwaka 2012.

Sisemi majeshi yasivuke mpaka kamwe. Ya Tanzania yalivuka kwenda Uganda, baada ya Amin kuivamia Kagera, na bili tuliilipa wenyewe kwa miaka, kwenye foleni za sukari na sabuni. Hiyo ndiyo tofauti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mchambuzi hulala kwake. Akikosea, hapelekwi mahakamani. Anaalikwa tena studio kueleza vita inayofuata.

Siku hizi nikimsikia mmoja wao akidai mabomu, namsubiri afike siku ya pili: nani atakusanya silaha, nani atalipa mishahara ya polisi, nani atabaki. Mara nyingi kipindi huisha kabla hajafika. Mwaka 2011 mimi pia sikumsubiri.